Tairi Kubwa, Ekseli ya Kiwandani: Mjadala wa Barabara za Kamina

Tairi ni wenzo. Ekseli huzungusha kitovu cha gurudumu, ardhi nayo hulikabili tairi kwenye ukingo wake. Umbali kati ya kitovu na ardhi ndio urefu wa wenzo huo. Anayefunga matairi makubwa bila kugusa ekseli huurefusha wenzo na kuacha shafti ileile, gia zilezile na beringi zilezile zilizopigiwa hesabu kwa tairi dogo. Je, inafaa? Na kama inafaa, mwisho wake ni kipimo gani? Swali hilo lina uzito wa pekee Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928, na tawi la kuelekea Kabalo likaja mwaka 1956. Barabara hazikupata bahati hiyo. Anayeelekea Kabongo, Kaniama, Bukama au Malemba-Nkulu hukanyaga udongo sehemu kubwa ya safari, na kuanzia Oktoba hadi Aprili udongo huo hunywa mvua mpaka ukalegea. Kipuri kikubwa kisichopatikana mjini hutafutwa Lubumbashi, mamia ya kilomita kusini-mashariki. Shafti ikikatika njiani, bei yake ni sehemu ndogo tu ya hasara. Kubwa ni siku zinazopita gari likiwa limeegemea mti na mzigo wa mahindi ukilowa.

Gari linalobishaniwa hapa ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kuuzwa mwaka 1984, hasa pikapu ya HZJ79 na ndugu yake HZJ78 yenye bodi ndefu iliyofungwa. Injini yake, 1HZ, ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila tabo. Ekseli zote mbili, mbele na nyuma, ni nzima, yaani boriti moja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mafundi wa eneo hili la Katanga, waliorithi msamiati wa Kifaransa, huiita ekseli ponti. Tairi lake la kawaida ni 7.50R16: jembamba, refu, lenye kipenyo cha karibu sentimita 81. Uwiano wa gia za difu kwa kawaida ni 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Sauti zinazofuata ni sauti za kazi: dereva wa safari ndefu, fundi mzee wa gereji, fundi wa pancha na mwenye gari. Kila moja inabeba hoja ambayo wenye kazi hiyo wana sababu ya kuishikilia.

Dereva ndiye anayedai, kwa hiyo ndiye anayeanza.

"Mzee, hapa hatuzungumzii urembo. Malori yamechimba mifereji, ukisimama ndani maji yanakufika magotini. Gari likiingia humo, magurudumu hayana shida, yana pa kukanyaga. Kinachokwama ni bakuli la difu: linakaa juu ya tuta la katikati, gari linabaki limening'inia, magurudumu yanazunguka bure. Watu wananiambia niinue springi. Nikiinua springi, bodi inapanda, difu inabaki palepale. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi."

Hoja hiyo ni ya kweli na ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande wa tairi kubwa. Ekseli nzima huning'inia kwenye vitovu vya magurudumu. Springi ndefu huongeza nafasi kati ya ekseli na bodi, na nafasi hiyo ina faida zake, lakini chini ya ekseli hakibadiliki kitu. Anayetaka bakuli la difu lipite juu ya jiwe hana njia nyingine isipokuwa kuongeza nusu ya kipenyo cha tairi, au kununua gari la aina nyingine kabisa, kama Unimog, ambalo gia zake za magurudumuni huiweka ekseli juu ya vitovu.

Fundi halikatai jambo hilo. Analipima.

"Sawa, mwanangu, tupige hesabu. Tairi la 285/75R16 lina sentimita 83.4. Ondoa 81 kasoro kidogo, gawa kwa mbili: umepata sentimita 1.3 chini ya difu. La 255/85R16 lina 84, umepata 1.6. Ukienda mpaka 315/75R16, hilo kubwa wanalolisifu, lina karibu 88: umepata 3.5. Sasa niambie, lori lililochimba mfereji huo linasimama juu ya nini? Juu ya 12.00R20, na kipenyo chake ni kama sentimita 112. Unafukuzana na kitu usichoweza kukifikia."

Hapa mjadala unagusa jambo ambalo wauzaji wa matairi hawalitaji. Kina cha mfereji hakiamuliwi na mvua peke yake. Lori huendelea kuchimba mpaka ekseli yake yenyewe ianze kukwangua tuta la katikati. Tuta linalobaki lina kimo cha ekseli ya lori. Sentimita moja na nusu haitoshi kuvuka tuta la namna hiyo, wala tatu na nusu. Zaidi ya hapo, nyayo za lori ni pana kuliko za Land Cruiser kwa sentimita 30 au zaidi. Gari dogo likitumbukia humo, upande mmoja huingia kwenye mfereji, upande wa pili hupanda ubavu wa tuta, na gari lote hulala upande. Dereva mzoefu huukwepa mfereji: gurudumu moja juu ya mgongo wa tuta, la pili kwenye ukingo wa nje wa barabara, mwendo wa taratibu, usukani umeshikwa kwa mikono miwili. Ustadi huo unalipa kuliko tairi lolote. Haki ya dereva inabaki mahali pengine, kwenye mawe, mizizi na vivuko vya vijito, ambako kikwazo hakikuchongwa na lori; huko sentimita moja na nusu mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kugusa na kupita.

Hoja ya pili ni ya nguvu, na dereva anaileta kwa akili.

"Injini ni ileile, mzee. Sijaongeza tabo, sijagusa pampu. Kama nguvu inayoingia kwenye ponti haijaongezeka, ponti itakatikaje?"

Wengi hushindwa kulijibu swali hilo, ingawa jibu lipo. Kwenye gia nzito, boksi la gia la pili likiwa limezidisha mara 2.5 hivi, 1HZ ina nguvu ya kutosha kuzungusha tairi lililobeba mzigo hata likiwa kwenye ardhi kavu. Kinachoizuia shafti isifikie kikomo chake ni kuteleza: tairi hukubali kuteleza kabla chuma hakijakubali kukatika. Kuteleza ndiyo fyuzi ya ekseli. Gurudumu lililobeba kilo 1,000 kwenye ardhi yenye mshiko mzuri huweza kushika kwa kilo 800 kabla ya kuteleza. Kwa tairi la 7.50R16, wenzo wa mita 0.404, shafti hupata msokoto wa kilo-mita 323. Kwa tairi la sentimita 88, mshiko uleule kwenye wenzo wa mita 0.44 huleta 352. Injini haikuongezwa chochote. Fyuzi ndiyo iliyobadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi.

"Asilimia tisa," dereva anasema. "Toyota hawakutengeneza chuma cha kukatika kwa asilimia tisa."

"Hawakukitengeneza hivyo," fundi anakubali. "Lakini shafti haikatiki ukivuta pole pole. Inakatika gurudumu linapozunguka kwa kasi kwenye tope, wewe umekanyaga mafuta mpaka chini, halafu linashika mzizi ghafla. Pale uzito wote unaozunguka unasimama mara moja, na unasimamia kwenye shafti."

Fundi ana haki. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye gurudumu linalozunguka hukua kwa uzito wake na kwa mraba wa kipenyo chake. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 9 na uzito uliozidi kwa robo huhifadhi karibu mara moja na nusu ya nguvu ya tairi la zamani kwa mzunguko uleule. Pigo moja la namna hiyo huenda lisivunje kitu. Huacha alama: meno ya mwisho wa shafti huanza kupinda, yakaonekana kama kamba iliyosokotwa, na safari ya kumi au ya ishirini ndiyo inayomalizia.

Kwa bahati, ekseli ya nyuma ya HZJ79 ni ya aina ambayo uzito wa gari hubebwa na beringi za habu juu ya bomba la ekseli, si na shafti. Shafti hufanya kazi moja tu, kusokota. Ikikatika, gurudumu halichomoki. Fundi hufungua nati sita kwenye uso wa habu, hugonga kwa nyundo ya shaba mpaka vipete vyake vyenye umbo la koni vilegee na kuruka, kisha huvuta shafti nje kama anavyochomoa panga kwenye ala, bila hata kuinua gari kwa jeki. Kipande kilichobaki ndani ndicho kinachohitaji subira na waya wenye ndoano. Mwenye shafti ya akiba hurudi barabarani siku hiyohiyo.

Ekseli ya mbele haina huruma hiyo. Kwenye kila mwisho wake kuna kiungo cha duara chenye vigololi sita, kinachopeleka nguvu huku gurudumu likigeuka. Kiungo hicho kina nguvu kikiwa kimenyooka na hudhoofika kadiri usukani unavyokatwa. Tairi kubwa, usukani umekatwa mpaka mwisho, gia nzito, mguu kwenye mafuta: mambo manne hayo yakikutana, vigololi hupasua ganda lake. Dalili hutangulia. Gari hutoa sauti ya tik-tik-tik likikata kona, na chini ya goti la ekseli huonekana uji wa kijivu ukichuruzika: mafuta ya difu yamepita sili ya ndani, yamechanganyika na grisi na kuiyeyusha. Anayeona uji huo na bado akaenda kununua matairi makubwa zaidi anakosea mpangilio wa mambo. Sili na grisi ni kazi ya kwanza.

Kuhusu gia, pande zote mbili zinakubaliana haraka, kwa kuwa hesabu haina ubishi. Uwiano wa 4.1 ukifungwa tairi la sentimita 88 huwa kama 3.77. Gari huwa zito kuondoka, klachi huunguzwa kila kilima, na 1HZ, ambayo haina tabo la kuisaidia, hubaki kwenye gia ya tatu pale ilipokuwa inakwenda na ya nne. Kuirudisha hali ya awali kunahitaji uwiano wa karibu 4.46, yaani kubadilisha meno ya difu, na kwenye gari la magurudumu manne lazima zibadilishwe difu zote mbili kwa uwiano mmoja. Hata hapo kuna gharama iliyojificha: kadiri uwiano unavyopanda, ndivyo gia ndogo inayoingia kwenye bakuli inavyopungua unene. Kwa tairi la sentimita 84 uwiano hushuka hadi 3.94 tu, na dereva hujizoesha baada ya wiki moja.

Breki hufuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Zinakamata habu kwa nguvu ileile, lakini ardhi sasa inavuta kwa wenzo mrefu. Kwa tairi la sentimita 88 nguvu ya kusimamisha hupungua kwa asilimia 8. Gari tupu halitaona tofauti. Gari lenye tani moja ya samaki wakavu likishuka kuelekea daraja la magogo litaiona.

Fundi wa pancha yeye haingii kwenye hesabu za wenzo. Anaangalia rimu.

"Yaya, hili lako la 7.50 nalifungua hapa chini ya mwembe. Pete inatoka, tyubu inatoka, naziba, narudisha. Hata huko porini utamkuta kijana mwenye vyuma viwili na kipande cha tyubu ya kukatia viraka. Hilo pana lisilo na tyubu, ukingo wake ukitoka kwenye rimu nitautoa wapi upepo wa kuurudisha?"

Kauli hiyo fupi ina uzito kuliko inavyosikika. Rimu ya pete hufunguliwa kwa mkono, na tyubu ya kipimo cha 7.50-16 ni mali inayojulikana popote Land Cruiser ilipopita. Rimu hiyo ina hatari yake: pete isiyokaa sawa huruka wakati wa kujaza upepo na imewaua watu, kwa hiyo hujazwa ikiwa imelazwa kifudifudi au imezungushiwa mnyororo, bila mtu kuinamia juu yake. Tairi pana lisilo na tyubu huhitaji upepo mwingi kwa mara moja ili ukingo wake ushike rimu, na pampu ya baiskeli haitoi hivyo. Halafu kuna mzigo. Tairi la 7.50R16 lenye alama 116 ubavuni linaruhusiwa kubeba kilo 1,250. Matairi mengi mapana ya rimu ya inchi 15, kama 33x12.50R15, yana alama 108: kilo 1,000. Ukubwa wa kuonekana si ukubwa wa kubeba. Tena tairi pana hudai rimu pana inayotokeza nje, na kila sentimita inayotokezwa huongeza mvutano kwenye beringi za habu na kwenye fito za usukani.

Tope lenyewe nalo lina lugha mbili. Dereva hutaja Iceland, ambako Land Cruiser hufungwa matairi ya inchi 38 na hata 44, yakapunguzwa upepo mpaka karibu yaishe, na gari likaelea juu ya theluji. Mfano huo ni wa kweli, ila magari hayo hubadilishwa gia za difu na mengine mengi, na theluji ya barafuni haina sakafu ya kutafutwa. Tope la barabara ya Kamina mara nyingi lina sakafu: chini ya sentimita 15 au 20 za uji kuna udongo uliokanyagwa kwa miaka. Tairi jembamba hukata uji na kuifikia sakafu hiyo. Tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Kwenye mchanga mkavu mambo hugeuka, na hapo dereva hushinda hoja.

Hushinda, lakini kwa chombo ambacho tayari anacho. Gurudumu lililobeba kilo 1,000 kwa upepo wa bari 3.5 hugusa ardhi, kwa hesabu ya juu juu, sentimita 280 za mraba. Likipunguzwa hadi bari 1.75, eneo hilo huwa karibu maradufu. Hakuna tairi la sentimita 88 linaloweza kutoa ongezeko la namna hiyo kwa upepo uleule wa awali. Kupunguza upepo hakurefushi wenzo, hakuongezi uzito, hakubadilishi uwiano wa gia. Masharti yake ni mawili: mwendo usizidi ule wa baiskeli, na tairi la tyubu lisishushwe mno, maana likiteleza juu ya rimu huburuta tyubu na kung'oa shina la valvu. Kisha, penye ardhi ngumu, upepo urudishwe. Kwa pampu ya mguu ni kazi ya jasho, gurudumu moja baada ya jingine, na madereva wengi huikwepa. Hata hivyo kazi hiyo ndiyo inayopaswa kujaribiwa kabla ya pesa yoyote kutolewa kwa ajili ya matairi.

Mwenye gari huuliza jambo moja: atajuaje gari limekwenda kiasi gani? Kipima mwendo huhesabu mizunguko, hakijui kipenyo. Kwa tairi la sentimita 88, sindano ikionyesha 80 gari liko kwenye 87, na daftari likisema kilomita 10,000 ardhi imesema 10,880. Oili inayobadilishwa kwa daftari hubadilishwa imechelewa kila mara. Dawa ni kuongeza asilimia tisa kwenye kila hesabu, au kupima kati ya vituo viwili ambavyo umbali wake unajulikana.

Baada ya yote hayo, nafasi kati ya dereva na fundi imekuwa ndogo kuliko ilivyoonekana mwanzoni. Sentimita 84 ni kipimo ambacho ekseli ya kiwandani ya Land Cruiser hii inaweza kukivumilia: wenzo umeongezeka kwa asilimia 4, gia hazijaharibika, na 255/85R16 bado ni jembamba. Kabla ya kufunga, usukani hukatwa mpaka mwisho pande zote ili kuona kama tairi linagusa springi au fito, na nafasi ya vidole vitatu hadi vinne huachwa kati ya tairi na bodi, kwa ajili ya udongo unaoganda juu ya mpira. Tairi linalosagana na udongo wake mwenyewe hugeuka breki. Sentimita 88 bila kubadilisha gia, kwa gari la mzigo, ni kosa. Hapo fundi ana haki kamili, na dereva anayepinga analipa kwa shafti.

"Na nikinunua mawili tu, niyafunge nyuma kwanza?" dereva anauliza. "Mengine mwezi ujao."

"Hapana. Bora ubaki na ya zamani mpaka upate yote."

Land Cruiser hii ikitiwa magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zizunguke sawa. Matairi ya nyuma yakiwa makubwa kuliko ya mbele, kila mita ya safari ekseli moja hutaka kwenda mbali kuliko nyingine. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa na kuteleza. Kwenye ardhi ngumu hujikusanya kwenye boksi la gia la pili mpaka wenzo wake wa kubadilishia ugome kurudi, au kitu kivunjike. Difu ya nyuma nayo, ikiwekewa tairi la akiba la kipimo cha zamani upande mmoja, hulazimika kuzungusha gia zake ndogo za ndani bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, kazi ambayo zilitengenezewa kona tu. Kwa hiyo matairi ya kununua ni matano, yote ya kipimo kimoja, na la tano hukaguliwa kama linaingia mahali pake pa akiba kabla muuzaji hajalipwa.